Fungu moja, vitu saba: uchambuzi wa ununuzi wa lipiko, ubao wa Tingatinga, mpingo na sanduku la njumu

Fungu linalochambuliwa hapa ni la mfano, ila kila kasoro iliyomo hukutwa sokoni, iwe Dar es Salaam, Unguja au Mombasa. Muuzaji ana vitu saba na anataka viondoke pamoja kwa bei moja: ubao wa rangi wenye chui na jina la E. S. Tingatinga, sanamu ya mpingo ya mtindo wa ujamaa, yaani watu waliopandana kwenye gogo moja, urefu sentimita 70, kinyago cha Kimakonde cha kuvaa kichwani, yaani lipiko, sanduku la njumu, yaani lililopambwa kwa misumari ya vichwa vya shaba, linalosemwa limetoka Unguja na lina miaka zaidi ya mia, dele ya shaba, doti ya kanga iliyoviringishwa ndani ya msala wa ukindu, na bangili nyeupe "ya mfupa". Kwa hesabu ya muuzaji mwenyewe, nusu ya bei imebebwa na ubao, na robo imebebwa na lipiko. Vilivyobaki anavihesabu kama nyongeza.

Mnunuzi ni mkusanyaji wa kawaida. Pesa ya fungu zima anayo, ya kupoteza hana. Anauliza kama vitu ni halisi, na wengi huanzia hapo. Kwa fungu kama hili swali la kwanza ni vitu vilitoka wapi na vilipita mikononi mwa nani, kwa sababu kitu halisi kabisa kinaweza kuwa ndicho pekee usichoruhusiwa kukigusa.

Kabla ya lolote, vitu vinatenganishwa. Fungu lenye mbao, nywele, nguo na ukindu likikaa kwenye chumba kimoja, wadudu wa kimoja huhamia kingine. Chini ya kila kitu cha mbao inatandikwa karatasi nyeusi na kuachwa wiki mbili bila kusogezwa. Unga mweupe au wa manjano hafifu ukianguka juu ya karatasi, kuna kidudu kinachokula sasa hivi. Kisipoanguka chochote, na midomo ya matundu imeingia giza na kulainika, hayo ni matundu ya zamani. Katika fungu hili karatasi ya lipiko ilipata unga, ya sanduku ikabaki safi. Sanamu ya mpingo nayo ilipata unga kidogo, na waliozoea kusikia kwamba mpingo hauliwi watashangaa. Kiini cheusi kweli hakiliwi, lakini ule ukanda mwembamba wa rangi ya krimu unaokizunguka ni mbao laini yenye chakula. Fundi aliuacha kwenye kitako ili apambe, na wadudu wameingilia hapo.

Vifaa vya kazi yote ni vichache: kioo cha sonara kinachokuza mara kumi, tochi, taa ndogo ya urujuanimno, rula, mizani, pamba ya kwenye vijiti, spiriti na tapentaini.

Lipiko ndilo linaloanza, kwa sababu ndilo linaloweza kusimamisha biashara nzima. Limechongwa kwa mti mwepesi, kama ilivyo desturi, kwani mchezaji wa ngoma ya mapiko hulivaa kwa muda mrefu na kucheza nalo. Mpingo ungemvunja shingo. Kwa hiyo "lipiko la kale la mpingo" ni kitu cha kumuuzia mgeni tu. Hili ni la aina ya kofia, linalofunika kichwa chote na kuinamishwa nyuma kidogo ili mvaaji aone kupitia mdomo. Aina hiyo ni ya Wamakonde wa upande wa Msumbiji zaidi. Upande wa Tanzania, Newala na jirani zake, kinyago cha kufunika uso tu kimezoeleka zaidi. Muuzaji anasema limetoka Newala. Hilo halimfanyi mwongo, maana watu wamevuka Ruvuma miaka mingi na vitu vyao, lakini linaandikwa.

Alama za matumizi zinatafutwa ndani, pale jasho lilipofika. Kwenye lipiko lililovaliwa, weusi unakaa sehemu za paji la uso, mashavu na kisogo, mbao imelainika kama iliyopigwa msasa, na penye pembe ambazo ngozi haiwezi kufika rangi ya mti imebaki ilivyo. Lililozeeshwa kwa moshi, chai au permanganeti limepakaa kahawia ile ile kila mahali, hata ndani ya kona. Matundu ya wadudu yanasema jambo jingine. Kidudu kichanga huchimba njia chini ya uso wa mbao, kisha kikikomaa hutokea nje kwa tundu dogo la duara. Ukikuta njia hizo zimekatwa kwa urefu, zimebaki wazi kama mifereji juu ya shavu lililochongwa, basi mbao ilikuwa imeshaliwa kabla patasi haijaigusa: mtu amechukua gogo bovu ili apate kinyago cha "kale".

Hapa mifereji haipo. Jasho liko mahali pake. Nywele za binadamu zimebandikwa kwa nta, na nta imepasuka kwa mistari midogo inayoendelea chini ya vumbi. Kila dalili inasema lipiko limechezwa. Kisha tochi ikilazwa ubavuni, ndani ya ukingo wa shingo, inatokea alama ya wino mweupe: tarakimu mbili na mkwaju, vingine vimekwanguliwa kwa kitu chenye ncha. Waliokwangua hawakugusa sehemu nyingine yoyote.

Namba ya namna hiyo, mahali pa namna hiyo, huandikwa na makumbusho au na mkusanyaji mwenye daftari. Inawezekana kabisa kitu kilitoka kihalali. Lakini mwaka 1984 Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, yalivunjwa na vitu vikaibwa, kikiwemo kinyago cha Kimakonde kilichonunuliwa mwaka uliofuata huko Paris na jumba la makumbusho la Barbier-Mueller la Geneva. Kilirudi Tanzania mwaka 2010, baada ya mazungumzo ya muda mrefu. Makumbusho yenye wataalamu na fedha yalinunua kitu kilichoibwa. Mtu binafsi hana sababu ya kujiamini kuliko wao.

Kwa hiyo lipiko linatoka kwenye bei. Mnunuzi anapiga picha za nje, ndani, ukingo na namba, zote zikiwa na rula pembeni. Halisafishi. Haendelei kukwangua ili asome zaidi. Anamweleza muuzaji waziwazi kwamba kitu hiki hakiwezi kuuzwa mpaka Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, wakione au waione picha, na anatafuta kwenye orodha ya Interpol ya kazi za sanaa zilizoibwa, ambayo inapatikana bure kwa programu ya simu iitwayo ID-Art. Muuzaji mwema hukubali, kwa sababu naye hataki kukutwa nalo. Anayeharakisha, au anayesema "basi lichukue bure pamoja na vingine", ameshajibu swali.

Wadudu wa lipiko wana tatizo la pekee. Dawa ya kawaida ya nyumbani kwa mbao ndogo ni friza, lakini nta ikigandishwa husinyaa tofauti na mbao na huachia nywele. Lipiko lenye nta halitiwi friza. Linafungwa kwenye mifuko miwili ya nailoni mizito, juu ya karatasi nyeusi, mbali na vingine, mpaka mwenyewe apatikane na aamue. Dawa ya kupulizia ya mende haitumiki hata kidogo: huacha mafuta kwenye nywele na rangi, na kidudu kilichoko sentimita mbili ndani ya mbao hakiipati.

Ubao wa chui ndio unaobeba nusu ya bei, na unastahili muda mrefu zaidi. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 na aliuawa kwa risasi ya polisi kimakosa mwaka 1972. Miaka minne tu. Kazi zake ni chache na wanaozitaka ni wengi duniani, na jina lake ni herufi ambazo mtu yeyote mwenye brashi anaweza kuziandika.

Kazi ya mkono wake kwa kawaida ni mnyama mmoja au wawili, mkubwa, kwenye usuli wa rangi moja iliyotulia, juu ya hadibodi, kwa rangi ya mafuta ya kung'aa, ile ya baiskeli. Vipimo ni karibu sentimita 60 kwa 60, na sababu yake ni ya useremala: shiti la hadibodi la futi 4 kwa 8 likikatwa linatoa miraba minane ya sentimita 61 bila mabaki. Ubao wetu una 61 kwa 61. Ni hadibodi ya kweli, nyuma kuna alama za wavu wa kiwandani, na umeingia giza vizuri. Muuzaji anaonyesha mgongo huo kwa fahari.

Tatizo liko mbele. Pembeni kuna matundu manne ya misumari, yenye kutu. Ukiyatazama kwa kioo cha sonara, rangi ya njano ya usuli imeshuka ndani ya tundu na kufunika kutu. Kama ubao ungechorwa kwanza na kupigiliwa baadaye, rangi ingevunjika kuzunguka tundu, na ndani kungeonekana hadibodi tupu. Rangi ikiwa juu ya kutu, ubao ulikuwa umeshatumika kwingine, pengine darini, ukazeeka huko, ndipo ukachorwa. Uzee wa mgongo ni wa kweli, lakini hauhusiani na picha.

Kisha sahihi. Rangi ya chui ina nyufa nyembamba, na wino wa jina umeshuka ndani ya nyufa mbili. Jina limeandikwa baada ya picha kupasuka. Chini ya taa ya urujuanimno jina linabaki jeusi kabisa wakati rangi ya pembeni inang'aa kidogo. Kipimo cha mwisho kinafanywa ukingoni, mahali fremu inapofunika, kwa pamba iliyolowa spiriti kidogo tu, eneo la milimita mbili: rangi ya mafuta iliyokauka miaka mingi haitoki kirahisi, rangi ya maji hulainika na kupaka pamba. Hapa njano haikutoka. Herufi ya mwisho ya jina, iliyoguswa kwa ncha ya kijiti, ilitoka mara moja.

Mtindo nao unakubaliana na dalili hizo. Nyuma ya chui kuna mlima wenye theluji na anga inayobadilika polepole kutoka njano hadi nyekundu, na madoa ya chui yamezungushiwa nukta ndogo ndogo nyeupe. Hayo yalishamiri kwa waliomfuata, wale wanafunzi na wanafunzi wa wanafunzi ambao mwaka 1990 walikuwa na ushirika wao kamili pale Oysterbay. Huu ni ubao wa shule ya Tingatinga, wa fundi mwenye mkono mzuri, ambao mtu mwingine ameuharibia jina. Unastahili bei yake kama kazi ya shule, na kuning'inizwa ukutani bila aibu. Inauma kwamba aliyemchora chui huyu hatajulikana, kwa sababu mtu alidhani jina la marehemu linauza zaidi.

Jina la uongo halifutwi. Ni ushahidi, na likifutwa litaacha doa ambalo mnunuzi wa kesho atalitafsiri vibaya. Kwenye daftari linaandikwa: "Shule ya Tingatinga, jina E. S. Tingatinga limeongezwa baadaye."

Sanamu ya mpingo haina fumbo kubwa, ina kazi ya kupima. Mbao nyepesi iliyopakwa dawa nyeusi ya viatu ni udanganyifu wa kila siku. Pamba yenye tapentaini ikisuguliwa chini ya kitako hutoka nyeusi, lakini hilo peke yake halitoshi, kwani hata mafundi wa mpingo halisi hung'arisha kazi kwa dawa ya viatu. Uzito ndio unaoamua. Mpingo una takriban kilo 1.2 kwa lita na huzama majini, wakati mbao nyingi zinazopakwa rangi zina kilo 0.6 hadi 0.8. Kupata ujazo wa sanamu yenye mapengo bila kuilowesha, tumia uwele mkavu: jaza pipa mpaka mdomoni, umwage kwa kupima lita, simamisha sanamu ndani, rudisha uwele mpaka mdomoni huku ukilitikisa pipa. Uwele uliobaki nje ndio ujazo wa sanamu. Mchanga haufai, unakwaruza. Hapa uzito ni kilo 11.2 na uwele uliobaki ni lita 9.3, ukigawanya unapata 1.2. Ni mpingo.

Ufa wa sentimita 25 unapanda kutoka kitako, umejazwa nta nyeusi iliyochanganywa na unga wa mbao. Gogo la mpingo huchongwa likiwa bado na maji kwa sababu ni laini zaidi, na likikauka, mbao husinyaa kuuzunguka moyo zaidi ya inavyosinyaa kuelekea moyo. Kitu lazima kipasuke. Hewa ya kiyoyozi huharakisha. Kosa la kawaida ni kuujaza ufa kwa gundi ngumu msimu wa kiangazi: masika mbao inavimba, gundi haisogei, na ufa mpya unafunguka upande wa pili. Nta laini iliyopo inaachwa. Sanamu inawekwa mbali na kiyoyozi na dirisha, mistari miwili ya penseli inachorwa kwenye kipande cha karatasi kilichobanwa kando ya ufa, na upana wa ufa unapimwa penye mistari hiyo kila mwezi kwa mwaka mmoja. Kitako kilicholiwa kinatibiwa kwa friza, kwa sababu sanamu hii haina nta ya kubandikia kitu: nta ya ufa ikitoka itarudishwa. Fundi asiye na friza kubwa huishia kupaka dawa ya mchwa kwa brashi ndani ya matundu ya kitako tu, akivaa glavu.

Na kilo 11.2 ni namba ya kukumbuka. Mpingo umo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, tangu Januari 2017 pamoja na ndugu zake wa jamii ya Dalbergia. Tangu mwishoni mwa 2019 bidhaa zilizokamilika zimeruhusiwa kuvuka mipaka bila kibali cha CITES mradi mbao yake kwenye shehena isizidi kilo 10. Sanamu hii imezidi. Anayekusudia kuipeleka Muscat au London aanze kutafuta kibali kabla ya kukata tiketi.

Sanduku linachukua dakika chache ukijua pa kutazama. Mbao za nyuma na za chini zina alama za msumeno zilizonyooka, za mkono. Msumeno wa mashine wa duara huacha alama za nusu duara. Droo tatu zinateleza juu ya mbao zilizochakaa kwa bonde, na hilo haliigizwi kirahisi. Lakini njumu zinang'aa zote sawa. Ukiinua moja kwa kisu chembamba, mti chini yake una rangi ile ile ya pembeni. Njumu iliyokaa miaka mingi huacha duara lenye mti mweupe na pete ya kijani kuizunguka. Shina la msumari ni waya wa kiwandani. Mwili wa zamani, mapambo mapya: ni sanduku zuri la kutumia, lenye thamani ya samani. Kama mtu ana hoja kwamba mwili ni wa kabla ya 1863, Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania Bara ya mwaka 1964 inaanza kulihusu, na kutoka nchini kunahitaji kibali. Sheria hiyo hiyo inalinda milango na miimo iliyochongwa kabla ya 1940. Zanzibar ina sheria yake. Kenya huhesabu kuwa cha kale kitu kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895.

Dele ni nzuri na haina ubishi: mshono wa ubavuni una meno yaliyofumwa na kugongwa kwa nyundo, bati la ndani limekwisha. Isichemshiwe kahawa mpaka itiwe bati upya, na isisuguliwe kwa ndimu na majivu, kwani hapo weusi wa miaka huondoka kwa asubuhi moja na haurudi kwa maisha ya mtu.

Bangili inaamuliwa kwa kioo cha sonara. Mfupa una vitone na mistari mifupi myeusi, mabaki ya njia za damu. Plastiki ina rangi moja au mistari iliyo sambamba mno. Bangili hii, mahali ilipokatwa kwa upana, ina mistari inayokatizana kama wavu, kwa pembe zilizo wazi kuliko nyuzi 115. Ni pembe ya tembo. Chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, kumiliki nyara, yaani sehemu ya mnyamapori, bila hati ni kosa, hata kama ilikuwa ya bibi. Mnunuzi haipokei, hata kama zawadi, na haibebi "kwenda kuiuliza". Inabaki kwa muuzaji, ambaye anashauriwa kwenda mwenyewe kwa ofisi ya wanyamapori.

Kanga ni kitu chenye afya kuliko vyote. Doti haijakatwa, pindo na mji viko kamili, jina linasomeka, na ukingoni kuna chapa ya Urafiki, kiwanda kilichofunguliwa mwaka 1968. Kwa hiyo dai la muuzaji la "kanga ya enzi ya Mjerumani" linafutwa kwenye maelezo bila mjadala. Kabla ya kuosha, pamba iliyolowa maji inabanwa juu ya kila rangi kwa dakika tano. Nyekundu ikitoka, haifuliwi. Haikunjwi tena. Inaviringishwa kwenye bomba la karatasi lililofunikwa marekani iliyofuliwa mpaka wanga wote umetoka, maana wanga ni chakula cha mende na nondo wa vitabu.

Bei inaandikwa upya kwa vitu vitano: ubao kama kazi ya shule, sanamu, sanduku kama samani, dele, kanga na msala. Risiti inataja kila kimoja peke yake, vipimo vyake, na maneno ya muuzaji kama alivyoyasema, likiwemo dai la Newala kwa lipiko ambalo halikununuliwa. Namba ya daftari haiandikwi kwa kalamu juu ya mbao. Inaandikwa kwa penseli kwenye kitambaa kidogo cha marekani na kufungwa kwa uzi.

Msala ulikaa karibu na lipiko, kwa hiyo unaingia friza hata kama hauonyeshi unga. Unaviringishwa, unatiwa kwenye mfuko wa nailoni, hewa inatolewa, mfuko unafungwa kwa utepe wa gundi bila pengo, na unakaa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili kamili. Ukitoka, haufunguliwi siku hiyo. Maji ya ukungu lazima yagandie nje ya nailoni, yasigandie kwenye ukindu, kwa hiyo unaachwa saa 24 ukiwa umefungwa, kisha unafunguliwa kivulini na kupigwa brashi laini kufuata ukili.